Kusoma Chembe zenye Nishati Kubwa kwenye Mpaka wa Magnetosifia: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Mpaka unaotenganisha magnetosifia, yaani eneo linalotawaliwa na uga wa sumaku wa Dunia, na upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji utokao kwenye Jua, hauonekani mahali pamoja kwa vipimo vyote. Sumakumita, yaani kipima uga wa sumaku, huuonyesha kwa sekunde moja, kipimo cha plazima (gesi ya ioni na elektroni) ya nishati ndogo huuonyesha kwa sekunde nyingine, na protoni zenye nishati ya keV 100 (kiloelektronivolti; keV 1 ni eV 1,000) huanza kupungua wakati chombo bado kiko zaidi ya kilomita elfu moja ndani ya mpaka. Mwanafunzi asiyejua sababu ya tofauti hiyo hudhani kwamba kipimo kina hitilafu, au, jambo lililo baya zaidi, huandika kwamba amepata chanzo kipya cha chembe. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kusoma tukio moja la kuvuka mpaka tangu kupakua data hadi kuamua chembe zimetoka wapi, na unasisitiza jambo ambalo naliona kuwa kiini cha kazi yote: ukubwa wa mduara ambao chembe huuchora kuzunguka mstari wa sumaku lazima ujulikane kabla ya kutoa hukumu yoyote.

Data zitakazotumika ni za vyombo vinne vya MMS, setilaiti za kuchunguza magnetosifia, vilivyorushwa na NASA kutoka Cape Canaveral mwezi Machi 2015. Data hizo hazilipiwi. Msomaji anahitaji kompyuta ya kawaida, intaneti, ujuzi wa kidato cha sita wa umeme na sumaku, na siku mbili au tatu za utulivu.

Ramani ya eneo

Upepo wa Jua hufika karibu na Dunia kwa kasi ya takriban kilomita 400 kwa sekunde, ukiwa na chembe chache tu katika kila sentimita ya ujazo. Kwa kuwa kasi hiyo ni kubwa kuliko kasi ya mawimbi ndani ya plazima yenyewe, mbele ya Dunia hutokea wimbi la mshtuko, ambalo kwa siku za kawaida hukaa kwenye umbali wa nusukipenyo 13 hadi 14 za Dunia kuelekea Jua. Nyuma ya wimbi hilo upepo hupunguza mwendo, hupata joto na kubanana, kisha huipita Dunia pembeni. Eneo hilo la plazima iliyobanwa nitaliita ala, kwa sababu linaifunika magnetosifia kama ala inavyofunika kisu. Ukuta wa ndani wa ala ni magnetopauzi, iliyo umbali wa takriban nusukipenyo 10, na ndani yake ndimo uga wa sumaku wa Dunia unamotawala.

Magnetopauzi si mstari mwembamba kama unaochorwa vitabuni. Unene wake ni wa mamia ya kilomita, na mara nyingi upande wake wa ndani huwa na tabaka la mpaka ambamo plazima ya ala na plazima ya magnetosifia zimechanganyika. Ukuta wote huyumba mbele na nyuma kwa makumi ya kilomita kwa sekunde, na wakati mwingine kwa zaidi ya kilomita 100 kwa sekunde, kadiri shinikizo la upepo wa Jua linavyobadilika. Chombo chenyewe husogea polepole mno ukilinganisha na mwendo huo, kwa hiyo kwa kawaida ni mpaka unaokivuka chombo.

Hatua ya kwanza: kuchagua tukio na kuweka saa sawa

Kwa kujifunzia, tarehe 16 Oktoba 2015, karibu saa 13:07 kwa saa ya kimataifa, ni chaguo zuri. Siku hiyo MMS ilivuka magnetopauzi upande wa alasiri, vyombo vinne vikiwa vimeachana kwa takriban kilomita 10 tu, na tukio hilo limechunguzwa na watafiti wengi kwa sababu vyombo vilipita ndani ya eneo dogo ambamo mistari ya sumaku ya Dunia na ya upepo wa Jua ilikuwa ikikatika na kuungana upya. Anayejifunza kwa tukio lililochunguzwa sana anaweza kujisahihisha.

Data zote huandikwa kwa saa ya kimataifa inayohesabiwa kutoka usiku wa manane. Saa 13:07 ya data ni saa kumi na dakika saba alasiri kwa saa ya Afrika Mashariki. Iandike saa ya kimataifa kila mahali katika daftari, wala usiigeuze, kwa maana makosa ya saa tatu au saa sita huja kimyakimya na ni magumu kuyagundua baadaye.

Chukua muda mpana kuliko tukio, walau kuanzia saa 12:30 hadi saa 13:40. Bila kuona magnetosifia tulivu upande mmoja na ala upande wa pili, hutakuwa na kipimo cha kulinganishia kilichomo katikati.

Hatua ya pili: kupakua data

Sakinisha lugha ya Python na kifurushi cha pySPEDAS, ambacho kina sehemu maalumu ya MMS yenye vipakuzi vya kila kipimo. Vipimo vinavyohitajika ni vinne. FGM ni sumakumita. FPI hupima ioni na elektroni kuanzia takriban eV 10 hadi keV 30. FEEPS hupima elektroni za keV 25 hadi 650 na ioni za keV 45 hadi 650. EIS hupima ioni za nishati kubwa na kutenganisha protoni, heli na oksijeni kwa kupima kwa pamoja muda ambao ioni inautumia kupita ndani ya kipimo na nishati inayoiacha mwishoni. Kwa hatua ya utungo wa plazima, yaani aina za ioni zilizomo, utaongeza HPCA, ambayo hutenganisha ioni kwa uwiano wa masi na chaji hadi takriban keV 40.

Kila kipimo hutoa data kwa mwendo wa kawaida na kwa mwendo wa kasi. FPI kwa mwendo wa kasi hutoa picha kamili ya elektroni kila baada ya milisekunde 30 na ya ioni kila baada ya milisekunde 150, ilhali kwa mwendo wa kawaida hutoa moja kila sekunde 4.5. Anza na mwendo wa kawaida kwa chombo kimoja. Faili zake ni ndogo, bando halimaliziki, na grafu za saa nzima huchorwa haraka. Mwendo wa kasi upakue baadaye, kwa dakika zile tu ulizoona zina umuhimu.

Hatua ya tatu: kuupata mpaka bila kutumia chembe za nishati kubwa

Chora grafu nne, moja juu ya nyingine, zikitumia saa moja: vijenzi vitatu vya uga wa sumaku, msongamano wa ioni, halijoto ya elektroni na mgawanyo wa nishati ya ioni. Ndani ya magnetosifia ya mchana uga huelekea kaskazini, una nguvu ya makumi ya nanotesla, msongamano ni chini ya chembe moja au karibu na moja kwa sentimita ya ujazo, na ioni nyingi zina nishati ya keV kadhaa au zaidi. Ndani ya ala msongamano hupanda hadi chembe 10 au 30, ioni zina mamia ya eV, elektroni zina makumi ya eV, na uga hutikisika. Pale ambapo mambo hayo yanabadilika ndipo mpaka ulipo.

Tabaka la mpaka hutambulika kwa kuwa na dalili za pande mbili kwa wakati mmoja: kwenye mgawanyo wa nishati ya ioni utaona mstari wa ioni za ala na mstari wa ioni za magnetosifia ukiwa juu yake. Weka alama za saa za kuingia na kutoka.

Kisha tafuta mwelekeo wa mpaka. Njia ya Sonnerup na Cahill ya mwaka 1967 bado ndiyo ya kuanza nayo: chukua vipimo vya uga wakati wa kuvuka, kisha tafuta mwelekeo ambao uga hubadilika kwa kiasi kidogo kabisa, huo ndio mwelekeo wa wima wa ukuta, yaani unaoukatiza ukuta kwa pembe mraba. Njia hii hutoa namba tatu za mabadiliko, na ya kati ikiwa haizidi ya chini kwa mara nyingi, kwa mfano mara kumi, basi jibu si la kuaminika. Ukiwa na vyombo vinne unaweza kuhakiki kwa kulinganisha saa ambazo kila kimoja kilivuka, na njia hiyo hukupa pia kasi ya ukuta. Andika kasi hiyo, itahitajika.

Hatua ya nne: kukokotoa mduara wa kila chembe

Hapa ndipo ninapomsihi msomaji asiwe na haraka, kwa kuwa hesabu yenyewe ni ya dakika tano na bila hiyo grafu zinazofuata haziwezi kusomeka. Chembe yenye chaji ikiwa ndani ya uga wa sumaku huzunguka mstari wa uga. Kwa protoni ambayo mwendo wake wote ni wa kukatiza uga, nusukipenyo ya mduara huo kwa kilomita ni 4,570 mara kipeuo cha pili cha nishati kwa keV, ukigawanya kwa nguvu ya uga kwa nanotesla.

Jaribu kwa uga wa nanotesla 50. Protoni ya keV 1 huchora mduara wenye nusukipenyo ya kilomita 91. Protoni ya keV 100 huchora mduara wenye nusukipenyo ya takriban kilomita 910, yaani karibu sawa na unene wa magnetopauzi yenyewe au kuuzidi. Ioni ya oksijeni yenye chaji moja na nishati hiyo hiyo, ikiwa na masi mara 16, huchora mduara mara nne zaidi, takriban kilomita 3,650. Elektroni ya keV 100, hata baada ya kuingiza marekebisho ya nadharia ya uhusianifu, huchora mduara wenye nusukipenyo ya kilomita 22 tu.

Namba hizo zinaeleza mengi. Kwa elektroni ukuta ni mnene, na elektroni hufuata mistari ya uga kwa uaminifu, kwa hiyo ukiona elektroni za keV 100 zikipungua ghafla umeona kwamba mstari wa uga umebadilika hatima yake. Kwa protoni ya keV 100 unene wa ukuta unakaribiana na upana wa mduara wake, na protoni inaweza kuwa nusu ndani, nusu nje, bila mstari wowote wa uga kukatika. Kwa oksijeni hali hiyo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo ioni za nishati kubwa zilizo nje kidogo ya mpaka hazithibitishi kwamba mpaka umefunguka. Elektroni zilizo mahali hapo hutoa ushahidi mzito zaidi.

Tengeneza jedwali la nusukipenyo kwa kila njia ya nishati (yaani kila kipande cha nishati kinachopimwa peke yake) ya FEEPS na EIS, moja kwa uga wa ndani na moja kwa uga wa ala, ulibandike mbele yako.

Hatua ya tano: kusafisha data za nishati kubwa

Kila chombo cha MMS kina vipimo viwili vya FEEPS, na kila kimoja kina macho 9 ya elektroni na macho 3 ya ioni yanayotazama pande mbalimbali. Baadhi ya macho hayo huingiwa na mwanga wa Jua kila chombo kinapojizungusha, na baadhi ya njia za nishati zimeharibika. pySPEDAS huondoa sehemu kubwa ya uchafu huo, lakini hakikisha kwa macho yako: chora kila jicho peke yake, na ukiona mwiba unaojirudia takriban kila sekunde 20, ambao ndio muda wa mzunguko mmoja wa chombo, liache jicho hilo nje ya hesabu. Kumbuka pia kwamba mahali penye chembe nyingi za kupenya, hesabu za FPI ndani ya magnetosifia yenye msongamano mdogo hupandishwa na uchafu, hivyo msongamano mdogo usisomwe kwa usahihi wa kupita kiasi.

Hatua ya sita: pembe kati ya mwendo na uga

Wingi wa chembe peke yake hausemi zinakwenda wapi. Panga chembe kwa pembe kati ya mwendo wake na mstari wa uga: nyuzi 0 ni mwendo wa kufuata uga, 180 ni mwendo wa kinyume na uga, na 90 ni kuzunguka papo hapo. pySPEDAS ina utaratibu wa kutengeneza grafu hiyo kwa FEEPS na kwa EIS.

Ndani ya magnetosifia, kwenye mistari iliyofungwa ncha zote mbili, utaona wingi ulio karibu sawa pande za 0 na 180, kwa kuwa chembe huenda na kurudi kati ya ncha za Dunia. Ukiingia kwenye mstari uliounganishwa na uga wa upepo wa Jua, uwiano huo huvunjika: chembe zinazokwenda nje haziwezi kurudi. Mstari uliofungamana na ncha ya kaskazini una uga unaoelekea ndani, hivyo chembe zinazotoroka hupatikana karibu na nyuzi 180. Uliofungamana na kusini huzionyesha karibu na nyuzi 0. Linganisha na mwelekeo wa wima wa ukuta ulioupata katika hatua ya tatu. Ikiwa ishara ya uga unaokatiza ukuta na upande wa kutoroka kwa elektroni vinakubaliana, una ushahidi wa njia mbili zisizotegemeana, na kwa maoni yangu huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote unaoweza kupatikana kwenye mpaka huu.

Hatua ya saba: kuusikiliza mpaka kabla haujafika

Ukubwa wa mduara wa protoni, ambao hapo awali ulionekana kuwa kero, unaweza kugeuzwa kuwa kipimo. Fikiria chombo kikiwa ndani ya mpaka, katikati ya mchana, uga ukielekea kaskazini. Protoni inayokipita chombo ikielekea upande wa machweo ina kitovu cha mduara wake upande wa Jua, yaani karibu zaidi na ukuta. Inayoelekea upande wa mawio ina kitovu upande wa Dunia. Ukuta unapokaribia, protoni ya kwanza hugusa ukuta na kupotea wakati chombo bado kiko umbali wa kipenyo kizima cha mduara. Ya pili huendelea kuonekana mpaka ukuta ukifikie chombo.

Kwa keV 100 na nanotesla 50, tofauti hiyo ni takriban kilomita 1,800. Ikiwa protoni za upande wa machweo zinapungua sekunde 36 kabla ya zile za upande wa mawio, ukuta unakuja kwa kasi ya takriban kilomita 50 kwa sekunde. Linganisha na kasi uliyoipata kwa vyombo vinne. Vyombo vilivyoachana kwa kilomita 10 huona ukuta kwa sehemu ya sekunde tu, na protoni huupima kwa umbali wa zaidi ya kilomita elfu. Majibu yakitofautiana sana, huenda ukuta ulibadilisha mwendo njiani, au hauzipotezi protoni zote zinazougusa. Rudia kwa nishati kadhaa. Tofauti ya muda ikikua sambamba na kipeuo cha pili cha nishati, maelezo ya mduara yamethibitika.

Hatua ya nane: utungo

Upepo wa Jua una heli iliyopoteza elektroni zote mbili, na oksijeni ambayo kwa wingi ina chaji sita. Angahewa ya juu ya Dunia hutoa heli na oksijeni zenye chaji moja. Chaji kwa hiyo ni alama ya nyumbani. HPCA huitambua kwa nishati za chini. EIS haipimi chaji, hupima masi na nishati, na hapa wengi huteleza: oksijeni ya nishati kubwa si lazima iwe ya Dunia. Chora wingi wa protoni, heli na oksijeni dhidi ya nishati iliyogawanywa kwa chaji, ukijaribu chaji moja kwanza kisha chaji za juu. Dhana inayozifanya grafu zipate umbo moja ndiyo ya kufuata.

Mkondo wa pete, yaani mkondo wa umeme wa chembe unaoizunguka Dunia, ndio ghala la ioni nyingi za magnetosifia zinazofika mpakani, na wasomaji wa pwani wanaweza kufurahi kujua kwamba setilaiti ya Explorer 45, iliyotumwa kuuchunguza mkondo huo na dhoruba za sumaku, ilirushwa tarehe 15 Novemba 1971 kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi.

Hatua ya tisa: kuamua chanzo

Vyanzo vinavyoshindana ni vitatu. Cha kwanza ni kuvuja kutoka magnetosifia. Cha pili ni wimbi la mshtuko, ambalo uga wa upepo wa Jua ukiwa karibu wima kwake hurusha ioni mbele na nyuma mara nyingi hadi zipate nishati ya makumi ya keV, na kwa uchache zaidi ya keV 100. Cha tatu ni kuongezwa nishati papo hapo mpakani.

Pakua data za OMNI, mkusanyiko wa vipimo vya upepo wa Jua, ambazo zimesogezwa kwa muda hadi kwenye pua ya wimbi la mshtuko, uone uga wa upepo wa Jua ulielekea wapi. Ukiwa umelala kwenye mstari wa Dunia na Jua, wimbi la mshtuko ni mshukiwa halisi wa ioni zilizomo ndani ya ala. Lakini wimbi hilo mara chache hutoa elektroni zinazozidi makumi ya keV. Kwa hiyo elektroni za keV 100 na zaidi ndani ya ala, zikienda upande mmoja kutoka kwenye ukuta, huelekeza kwenye magnetosifia. Linganisha pia wingi kwa kila nishati, ndani na nje: wingi wa nje ukizidi wa ndani, kuvuja peke yake hakuwezi kuwa jibu, maana chembe hazitiririki kutoka kwenye uchache kwenda kwenye wingi.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililozua mabishano makali baada ya setilaiti ya Polar, iliyorushwa Februari 1996, kuona ioni za nishati kubwa ndani ya mifereji ya ncha, pale ambapo uga wa Dunia hufunguka kama faneli kuelekea upepo wa Jua. Kundi moja la watafiti lilisema nishati iliongezwa humo humo, ambamo uga hudhoofika na kutikisika. Jingine likasema chembe zilitoka kwenye wimbi la mshtuko. Jingine likazidai kuwa za magnetosifia. Ukifika kwenye tukio la aina hiyo, anza na elektroni na pembe zake, kisha utungo, na wingi wa ioni uache uwe wa mwisho.

Ukimaliza tarehe 16 Oktoba 2015, chagua tukio la pili ambamo uga wa ala unaelekea kaskazini kama wa Dunia, kisha rudia hatua ya tatu hadi ya saba bila kubadilisha chochote katika programu yako isipokuwa saa, huku jedwali la nusukipenyo likikokotolewa upya kwa uga wa siku hiyo.